Baridi ya Julai: Jinsi ya Kumpa Mtoto Joto Bila Kumhatarisha

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Ikiwa una kazi mkononi, endelea nayo, usiiache. Ila tega sikio, kwa maana mada ya leo inahusu usiku huu wa leo utakapofunga mlango na kulala.

Msimu wa baridi umeingia. Hapa Kenya hatuna theluji ya kuanguka barabarani kama Ulaya, lakini mtu wa Kinangop, Ol Kalou, Molo, Timboroa au Limuru hahitaji kuelezwa baridi ni nini. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hufunika siku kutwa, manyunyu hayakatiki, na nguo hukaa kwenye kamba siku tatu bila kukauka. Katika sehemu za juu, usiku mawingu yakiondoka, umande huganda. Asubuhi mkulima huamka akakuta majani ya viazi yameungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Sasa mama, kama baridi inaweza kuunguza kiazi shambani, itamfanyaje mtoto wa siku nne?

Kisa kilichonifunza

Kabla ya kuanza kutoa mafunzo, nataka nikueleze kisa kimoja. Jina la mama huyo sitalitaja, wala kijiji chake.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Mama alijifungua salama katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Mtoto alikuwa mdogo kidogo, kilo 2 na gramu 300, lakini alinyonya vizuri. Siku ya kwenda nyumbani, mimi mwenyewe ndiye niliyemwandikia karatasi za kutoka. Nilimwambia, "Mama, mweke mtoto joto." Akaitikia. Nikaita mwingine aliyekuwa kwenye foleni.

Usiku wa pili nyumbani, baridi ilikuwa kali. Mama mkwe wake, ambaye ni mwanamke mwenye hekima na aliyelea watoto wake wote, alikumbuka maneno ya muuguzi. Akawasha jiko la makaa nje, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu. Kisha akaliingiza chumbani, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa gunia, akatandika godoro lake karibu na kitanda cha mzazi. Wakalala watatu: mama, mtoto na nyanya.

Asubuhi jirani alileta maziwa kama alivyozoea. Akabisha, kimya. Akabisha tena, kimya. Jirani huyo hakurudi kwake. Alisukuma mlango, akaita watu, wakawatoa nje wote watatu na kutafuta gari la kuwakimbiza hospitali. Mama aliamka siku hiyo akiwa na kichwa kinachopasuka. Mtoto alilazwa. Nyanya alikuwa karibu zaidi na jiko, naye hakujitambua hadi siku iliyofuata. Alipofungua macho, jambo la kwanza aliuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Mtoto alikuwa hai. Wote watatu walirudi nyumbani. Lakini si kila nyumba ina jirani wa namna hiyo.

Niliposikia habari hiyo, sikumlaumu nyanya. Yeye alifanya nililosema. Nilikuwa nimemwambia mama amweke mtoto joto, lakini sikumwambia kwa njia gani. Tangu siku hiyo, hakuna mama anayetoka mbele yangu wakati wa baridi bila kuelezwa njia. Leo ni zamu yako.

Kwa nini jiko la makaa huua

Makaa yanapowaka hutoa hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi utakufanya ukohoe na kutoka nje, lakini sumu hii haikuamshi. Ukiivuta, huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Ubongo na moyo hukosa hewa ukiwa umelala.

Mama wengi huniambia, "Sista, mimi huingiza jiko baada ya moshi kuisha." Sikiliza vizuri: moshi kuisha si sumu kuisha. Makaa mekundu yasiyo na moshi wowote bado hutoa sumu. Kuyafunika kwa majivu hakusaidii. Kuweka sufuria ya maji kando ya jiko hakusaidii. Hata jiko lililopikiwa ugali jioni na kuachwa ndani "lizime lenyewe" linaweza kuua.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka na kuchanganyikiwa. Jambo la kukuonya zaidi ni hili: watu wote wa nyumba wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hiyo si malaria, wala si chakula. Fungua mlango na madirisha, toa kila mtu nje, anza na watoto, kisha nendeni hospitali mara moja hata kama mnajisikia nafuu. Ukienda kumtoa mtu ambaye amezirai, fungua mlango kwanza na usikae ndani, usije ukaanguka pamoja naye.

Sheria yetu basi ni moja: jiko hulala nje. Ukimaliza kupika, litoe. Ukitaka kuota moto jioni, ota jikoni mlango na dirisha vikiwa wazi, na lisilale nanyi chumba kimoja.

Joto la kwanza ni mwili wako

Sasa utauliza, nikitoa jiko nje, mtoto wangu atapata joto wapi? Mama, jiko lake ni wewe.

Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Ngozi yake ni nyembamba, hana mafuta ya kutosha mwilini, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili. Mtoto aliyezaliwa na uzito wa chini ya kilo 2 na nusu, au kabla ya siku zake kufika, hupoa haraka zaidi. Joto la kawaida la mtoto ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka chini ya hapo, mtoto hulegea, huacha kunyonya vizuri, na akikosa kunyonya hupoa zaidi.

Fanya hivi. Mvue mtoto nguo, mwachie nepi, kofia na soksi peke yake. Mlaze kifuani pako, ngozi yake iguse ngozi yako, katikati ya matiti, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Mfunge kwa leso asiteleze, kisha vaa sweta na shali juu yenu wote wawili. Mwili wako humpa joto linalomfaa, na titi liko karibu. Ukichoka, baba achukue zamu. Kifua cha baba kina joto kama chako, na sijaona mwanamume aliyepungukiwa na heshima kwa kumbeba mwanawe kifuani. Nyanya pia anaweza.

Mnyonyeshe mara nyingi, mchana na usiku, mara 8 hadi 12 kwa siku. Maziwa ndiyo kuni za mwili wake. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji moto, chai, wala uji wa kumpasha tumbo.

Kuhusu kuoga: mtoto aliyezaliwa leo asiogeshwe leo. Ngoja angalau saa 24. Baada ya hapo mwogeshe saa sita au saa saba mchana, jua likiwa limetoka au nyumba ikiwa na vuguvugu. Andaa kila kitu kwanza: maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko chako, taulo kavu na nguo. Mwogeshe upesi, mkaushe, anza na kichwa, kisha mvishe. Siku ya baridi kali mpanguse tu uso, shingo, makwapa na sehemu za nepi. Hiyo inatosha.

Mavazi na kitanda

Nguo nyepesi tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda sweta moja zito, kwa sababu hewa inayobaki katikati ya nguo hushika joto. Kwa mtoto mchanga, mwongezee nguo moja zaidi ya zile ulizovaa wewe. Usisahau kofia na soksi. Nepi iliyolowa ibadilishe mara moja, hata saa tisa usiku. Nguo yenye unyevu humnyang'anya mtoto joto.

Ila kuna mama wanaozidisha. Huleta mtoto kliniki amefungwa mablanketi manne, uso umefunikwa, jasho linamtiririka. Mtoto wa namna hiyo huweza kupanda joto, na akifunikwa uso anaweza kukosa hewa. Ili ujue hali yake, gusa tumbo na nyayo. Tumbo na nyayo vikiwa na vuguvugu, yuko sawa. Nyayo zikiwa baridi na tumbo lina vuguvugu, ameanza kupoa; mwongeze nguo au mweke kifuani. Nyayo na tumbo vyote vikiwa baridi, hiyo ni hatari. Mweke kifuani mara moja, mnyonyeshe, na uelekee hospitali akiwa hapo hapo kifuani. Shingo ikiwa na jasho, mpunguzie nguo.

Baridi nyingi ya usiku hutoka chini. Godoro lililo sakafuni liwekee katoni, magunia makavu au mkeka chini yake. Nyumba ya mbao au mabati izibwe mianya ya ukutani kwa katoni na magazeti, hasa upande unaopiga upepo. Lakini acha nafasi ndogo ya hewa kwenye dirisha au karibu na dari. Nyumba isiyopitisha hewa kabisa hukusanya moshi, unyevu na vijidudu.

Unaweza kupasha kitanda joto kwa chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo, lakini itoe kabla mtoto hajalala. Nimefunga vidonda vya watoto waliounguzwa na chupa iliyopasuka au kufunguka usiku. Mtoto alazwe chali, mablanketi yasivuke kifua. Usilale naye kwenye kiti au sofa.

Kikohozi cha kawaida na nimonia

Watu husema, "Mtoto amepigwa na baridi, amepata nimonia." Ukweli ni kwamba nimonia huletwa na vijidudu. Lakini baridi huwafungulia vijidudu mlango. Tunajifungia ndani wengi, tunavuta moshi wa kuni unaodhuru mapafu, tunakoholeana, na kwa sababu maji ni ya baridi tunaacha kunawa mikono. Pasha maji kidogo moto uweke kwenye jagi karibu na sabuni, uone kama watoto hawatanawa.

Mafua na kikohozi cha kawaida huisha chenyewe. Mnyonyeshe zaidi, msafishe pua kwa kitambaa laini, na aliyezidi miezi sita mpe vinywaji vya uvuguvugu mara kwa mara. Usimpake mafuta makali ya kifua puani, wala mafuta ya taa mahali popote mwilini.

Nimonia ni jambo jingine, nawe unaweza kuitambua ukiwa nyumbani. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, inua nguo yake utazame kifua na tumbo. Tumia saa ya simu, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima.

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka.

Mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka: pumzi 50 au zaidi.

Mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5: pumzi 40 au zaidi.

Ukipata idadi hizo, peleka mtoto kituo cha afya siku hiyo hiyo. Lakini ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na haamki vizuri, au midomo imekuwa ya bluu, usingoje asubuhi. Amsha jirani, tafuta pikipiki, nenda. Na kwa mtoto wa chini ya miezi miwili kumbuka hili: anapougua sana anaweza asipande joto, bali akawa baridi na mkimya. Mtoto mchanga aliyenyamaza na asiyetaka titi si mtoto mtulivu. Ni mgonjwa.

Akipewa dawa, maliza siku zote ulizoelezwa hata akianza kucheza siku ya pili. Usimpe dawa iliyobaki ya ndugu yake, wala usinunue nusu dozi dukani.

Kinga pia ipo. Tangu mwaka 2011 watoto wa Kenya hupewa chanjo dhidi ya vijidudu vikuu vya nimonia, mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Toa kitabu cha kliniki leo uangalie kama kuna iliyorukwa.

Maswali ya wasikilizaji

*Mama wa Limuru anauliza: Mtoto wangu ana miezi 3 na anakohoa. Nimwekee asali na limau kwenye maji moto?*

Hapana, mama. Kwanza, kabla ya miezi sita ni titi peke yake. Pili, asali isipewe mtoto yeyote ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu mwilini mwa mtoto mchanga. Mhesabu pumzi, na kwa umri huo mpeleke aangaliwe.

*Baba wa Molo anauliza: Mtu akivuta sumu ya jiko, si maziwa humsafisha?*

Nimelisikia sana hilo. Maziwa huenda tumboni, nayo sumu iko kwenye damu. Tena mtu aliyelegea ukimnywesha maziwa yanaweza kumwingia mapafuni. Anachohitaji ni hewa safi, kisha oksijeni ya hospitali.

*Nyanya wa Njabini anauliza: Tarehe ya chanjo imefika lakini mtoto ana mafua kidogo na kuna baridi. Tungoje?*

Msingoje, nyanya. Mafua madogo hayazuii chanjo. Mfunge vizuri mgongoni au kifuani, mje. Kama ana homa kali au anapumua kwa shida, mje vilevile, ili atibiwe.

*Dada wa Ol Kalou anauliza: Na sisi wakubwa?*

Swali zuri. Wazee nao hupoa haraka, na wengi hukaa wakinyamaza. Mpelekee nyanya uji wa wimbi asubuhi, mkague kama soksi zake ni kavu, muulize usiku alilalaje. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu na kitanda. Wewe unayenyonyesha kula ushibe: githeri, viazi, maharagwe, yai, parachichi, mboga za kijani, chakula kikiwa moto. Na pombe haipashi mwili. Hukufanya ujisikie moto huku joto likikutoka.

Mambo ya kukumbuka

Moja, jiko hulala nje, hata likiwa halina moshi.

Mbili, joto la mtoto mchanga ni kifua cha mama, baba au nyanya, ngozi kwa ngozi.

Tatu, nguo kavu, nyepesi, nyingi; kofia na soksi; uso wazi.

Nne, gusa tumbo na nyayo.

Tano, mtoto akikohoa, hesabu pumzi. Ukiona dalili za hatari, usingoje kuche.

Sita, chanjo kwa wakati.

Mama, nina ombi moja. Usibaki na maneno haya peke yako. Nyumba ya tatu kutoka kwako huenda kuna aliyejifungua wiki hii, na huenda mama mkwe wake anawasha makaa sasa hivi kwa upendo mwingi. Pita hapo. Usimgombeze. Msalimie, mshike mtoto, umwonyeshe mzazi jinsi ya kumlaza kifuani. Kisha ukiondoka, ondoka na jiko mkononi, uliweke nje. Na kesho asubuhi ukipeleka maziwa na kubisha bila kujibiwa, usirudi nyumbani.

Kwaherini kwa sasa. Laleni salama, mwamke salama.